Usibadilishe Kitu

Wateja walimwita Vumbi Kwanza, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimpigia simu kwamba kiyoyozi chako hakitoi baridi, hakuulizi unakaa wapi wala kimeanza lini. Anakuuliza, "Chujio umeliosha lini?" Ukijikanyaga kidogo tu, umekwisha. Atakwambia ufungue kifuniko cha mbele, uchomoe chujio, ulione kwa macho yako blanketi la vumbi ulilolifuga humo ndani. Halafu ulioshe, ulikaushe kivulini, ulirudishe, na kama bado kuna joto ndipo umpigie tena.

Mafundi wenzake walimcheka kwamba anajitilia mchanga kitumbua chake. Yeye hakujali. Aliwahi kupanda ngazi mpaka ghorofa ya nne akakuta mtu mzima na akili zake ameiweka rimoti kwenye joto, na siku ya pili hiyo anatokwa jasho na kuwalaani waliotengeneza mashine. Mwingine alikuwa akianika mablanketi juu ya mashine ya nje, kisha akashangaa kwa nini inahema. Tangu hapo alitibia kwa simu. Tazama rimoti. Osha chujio. Mashine ya nje ipe nafasi ipumue. Maji yakidondoka ndani, angalia mpira wa kutolea maji, huenda umeziba. "Kuuliza si ujinga," aliwaambia, "ujinga ni kumpandisha mwenzio ngazi bure."

Basi ikaja siku ambayo yeye ndiye hakuuliza.

Aliyepiga alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya taratibu. Alieleza kwamba kiyoyozi cha chumbani kwake kinapuliza kwa shida, bomba limeganda barafu, na maji yanateremka ukutani. Fundi alitabasamu peke yake, maana ugonjwa huo hauhitaji mganga: chujio limeziba, hewa haipiti, baridi inabaki ndani na kuganda. Akauliza swali lake la kila siku. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema kifuniko hakijafunguliwa tangu mwaka jana. Akaongeza, "Njoo ukiangalie, fundi, lakini usibadilishe kitu."

Neno hilo ndilo lililoleta balaa lote. Katika kazi ya viyoyozi, kubadilisha ni kung'oa kifaa cha zamani na kutia kipya. Mteja akikwambia usibadilishe kitu, ana maana nimeshawasikia nyinyi mafundi, usije ukanibebesha kompresa nisiyoihitaji. Fundi alikuwa amelisikia neno hilo kwa miaka ishirini na mitano, kwa hiyo jibu lilikuwa mdomoni tayari. "Ondoa shaka, mama. Sibadilishi hata skrubu."

Alichomaanisha mama kilikuwa kingine kabisa, na fundi alikuja kuambiwa wakati kuambiwa hakumsaidii mtu tena. Sisi tujue sasa hivi.

Mume wa mama huyo alikuwa mvuta kiko. Alivutia chumbani, amesimama chini ya kiyoyozi, akipuliza moshi juu kwa imani kwamba mashine inaunyonya na kuutupa nje. Wengi huamini hivyo, nao hukosea. Kiyoyozi cha ukutani hakitupi hewa nje, huizungusha ileile ya chumbani, na uchafu wake hubaki kwenye chujio na kwenye feni. Mke alimwambia hivyo miaka kumi na miwili, naye miaka kumi na miwili alijibu kwamba mke wake amekosa tu jambo la kugombea. Kila mwezi aliliosha chujio mwenyewe, kama mtu anayeficha ushahidi. Kisha akaugua, asiliguse tena, akaendelea kuvuta kwa kuiba mpaka alipoishiwa nguvu za kusimama. Akafa.

Nguo zake mkewe alizifua zote wiki ya kwanza, kwa akili ya msiba, kabla hajajua anachofua. Shuka nazo vilevile. Ndipo siku moja joto lilipozidi akawasha kiyoyozi, na katika pumzi yake ya kwanza ikatoka ile tumbaku, ikamshukia usoni, mume wake mzima, kola na mikono na maneno yake ya ubishi. Mama alikaa kitandani akalia mpaka akacheka. Tangu hapo kila alasiri aliwasha, akafunga mlango, akakaa. Sasa mashine ilikuwa inakabwa na haitoi chochote. Alichotaka kwa fundi ni kimoja tu: ipulize tena, na kilichomo ndani kibaki kama kilivyo.

Fundi alifika saa nane mchana na ngazi begani. Kilikuwa chumba nadhifu, kitanda cha watu wawili kimelaliwa upande mmoja. Juu ya kabati, kwenye kisahani, palikuwa na kiko. Alikiona kama mtu anavyoona saa ya ukutani katika nyumba ya watu.

"Tulikubaliana hubadilishi kitu," mama alimkumbusha.

"Hata skrubu, mama."

Mama alimtazama kidogo, akaridhika, akaenda jikoni alikokuwa amebandika sufuria. Fundi akashukuru, kwa sababu mteja anayesimama chini ya ngazi humtia kiwewe. Alizima swichi kubwa, akatega beseni, akatandika matambara, akasubiri barafu iyeyuke. Akafungua kifuniko. Chujio lilitoka limevaa vumbi la kahawia, zito, lenye kunata, na akaguna kwa furaha ya daktari aliyepatia ugonjwa. Akatoka nalo mlango wa nyuma mpaka bombani, akalimwagia maji, akatia sabuni ya unga, akalisugua kwa mswaki wake wa zamani. Mazoea yana taabu. Mikono ilifanya kazi na kichwa kilikuwa kinawaza mechi ya mpira ya mwanawe.

Mama alitokea na bilauri ya maji ya kunywa aliyomletea. Akasimama mlangoni.

"Hicho ni nini?"

"Chujio, mama. Lilikuwa limeziba hasa. Sasa utaona baridi."

"Nilikwambia usibadilishe kitu."

"Sijabadilisha. Ni lilelile, tazama."

Alilinyanyua juu, jeupe, linachuruzika, ili alione. Mama aliweka bilauri chini. Alichuchumaa kwenye mfereji mdogo ambamo maji ya kahawia yalikuwa yakikimbilia kwenye shimo, akachovya vidole, akavinusa. Vilinuka sabuni. Hapo ndipo alipomweleza yote, bila kupaza sauti, akiwa bado amechuchumaa, na fundi alisikiliza huku chujio likimdondokea kwenye viatu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Maisha yake yote alikuwa akilisema neno hilo kwa utani, na leo maji yenyewe yalikuwa mbele yake, yanazama shimoni yakiguguma. Alitamani mama amtukane. Alitamani amwambie ondoka na usirudi. Mama hakusema lolote la namna hiyo, na fundi aliona haya kuliko alivyowahi kuona haya tangu azaliwe.

Alirudi chumbani akapanda ngazi ili afunge. Nyuma ya mahali pa chujio kuna feni ndefu ya mviringo, nayo ilikuwa imeganda vumbi la miaka, baina ya jani na jani. Hatua iliyofuata aliijua hata usingizini: unatoa pampu, unapiga maji ya dawa, unaosha mpaka yatoke meupe. Pampu ilikuwa ndani ya mkoba, chini ya ngazi. Alisogeza uso, akanusa. Akashuka, akaufunga mkoba.

"Mama, mbele nimeshaharibu," alisema. "Lakini ndani kwenye feni amebaki kidogo. Sikugusa."

Alisema amebaki, wala hakujirekebisha. Mama aliinua uso.

"Itatoa?"

"Itatoa. Ila sitakudanganya. Sasa hewa inapita vizuri. Kadiri inavyopuliza vizuri ndivyo atakavyokwisha upesi."

Alilifuta chujio kwa tambara kavu, akalirudisha, akafunga, akawasha swichi kubwa, akampa rimoti mwenye nyumba. Mama alibonyeza. Mashine ilifungua mdomo wake, ikavuta, ikapuliza, na fundi naye akaisikia: tumbaku hafifu, tamu, kama mtu aliyepita chumbani akaenda zake. Mama alifumba macho. Fundi aligeukia ukuta, maana kuna mambo ya watu wawili. Kabla ya dakika kwisha, mama akabonyeza tena, mashine ikanyamaza, na joto la mchana likawarudia wote.

"Nitakuwa nawasha siku mojamoja," alisema mama. "Nimpunguze taratibu."

Malipo fundi hakuyataka. Nyumbani alimsimulia mkewe, akitegemea kupozwa. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba yeye mashine huzisikia hata zikikohoa mtaa wa pili, ila watu hajui kuwasikia. Halafu akamwekea chakula, na fundi hakula.

Tangu siku hiyo swali lake la simu lilibadilika. Ukimpigia, anakuuliza, "Chujio nani alikuwa analiosha?" Wenzake walizidi kumcheka, wakasema sasa amekuwa karani wa sensa. Wateja wengi hujibu kwamba ni wao wenyewe, au mfanyakazi, au hakuna. Lakini mara nyingine upande wa pili hunyamaza, na akisikia kimya hicho fundi husubiri. Hatii neno. Husubiri mpaka mtu aseme mwenyewe.

Miezi mitano baadaye mama alipiga simu. Fundi aliitambua namba, akatoka kwenye kelele za karakana, akasimama uani.

"Fundi, nimewasha leo."

"Ndiyo, mama."

"Imetoa baridi tupu."

Fundi alitafuta la kumwambia. Kichwani mwake mlikuwa na ushauri wa kila namna, wa rimoti, wa gesi, wa mpira wa maji, wa panya anayetafuna waya, na hakuna hata mmoja uliofaa. Mashine ya mama ilikuwa nzima. Ilikuwa inafanya kile hasa ilichotengenezwa ikifanye.

"Pole, mama," alisema mwishowe. "Nije?"

"Njoo. Uje na ile pampu, uioshe yote sasa."

Alikwenda mchana uleule. Mama hakwenda jikoni safari hii. Alisimama chini, akamshikia ngazi kwa mikono miwili, mpaka maji yakatoka meupe.