Shingo ya Gitaa la Baba

Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ya wazazi wangu. Kutoka sebuleni hadi kwenye meza yangu ni kufungua mlango tu, lakini baba akiwa na malalamiko hutokea mlango wa nyuma, akaizunguka nyumba nzima na gitaa lake la umeme begani, akaingia kwa mlango wa wateja.

"Fundi," alisema Alhamisi ile, akililaza mezani. "Shingo hii ni nene. Mkono haufungi."

Akiniita fundi najua nina kesi. Siku za amani mimi ni mwanangu.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Shingo yake ya zamani, aliyoipigia solo tangu sijazaliwa, ghafla aliiona nene. Nikaipunguza kwa msasa. Akasema sasa ni ufito. Nikafungua skrubu nne, nikaitoa, nikamfungia nyingine iliyojaa kiganjani. Akafurahi kutwa nzima. Sasa na hiyo ni nene. Nyuzi nazo zilikuwa juu mno. Nikazishusha mpaka zikaanza kugusa vyuma na kukoroma. Akataka zipande. Nilikaza na kulegeza ile fimbo ya chuma iliyolala ndani ya shingo mpaka nikawa naiota. Sikujua tena kama nainyoosha au naipinda.

Mimi huwaambia wateja wangu kwamba shingo ni kama kiatu: hakuna kilicho bora, kuna kinachokutosha. Huyu mguu wake ulikuwa unabadilika kila siku? Mpiga besi wa bendi yao alipopita nilimpa gitaa ajaribu. Alipiga, akageuza gitaa, akapiga tena, akasema nisipoangalia ataondoka nalo. Basi kosa liko wapi? Nilianza kuutilia shaka ufundi wangu, na hilo liliniudhi kuliko kelele za baba.

Na Jumamosi bendi ilikuwa na onyesho. Baba alikuwa ameapa kwamba gitaa lisipokaa sawa hapandi jukwaani, na bendi ilishamtafuta mpiga solo wa akiba. Mtu akishapata akiba, huanza kuizoea.

"Mtafutie fundi mwingine," mama alisema jikoni, akifagia vipande vya kikombe. "Au mtafutie mikono mingine. Siku hizi kila anachoshika anakiangusha. Hasira za gitaa zinaishia kwenye vyombo vyangu."

Nilicheka. Sikutia maanani.

Ijumaa niliamua liwalo na liwe, nikairudisha shingo ya zamani. Nikaanza kuikwangua vanishi mgongoni, pale kidole gumba kinapopita, isimnate. Nilibandika utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, kuonyesha mahali pa kuishia, kisha nikafunga nyuzi nisikie sauti kwanza. Nikaenda jikoni kunywa maji. Niliporudi baba alikuwa amekaa kwenye kiti changu, anapiga.

"Sasa umeilainisha," alisema. "Hivi ndivyo nilivyotaka. Haina hata kikwaruzo."

Nilitazama mkono wake. Kidole gumba kilikuwa kinapanda na kushuka juu ya utepe. Ncha za utepe zilikuwa zimeanza kubanduka na kujikunja. Mpiga gitaa huhisi hata chembe ya sukari mahali pale. Mimi mwenyewe ningelalamika. Baba alipita juu yake, akarudi, akapita tena, uso umetulia.

"Baba, weka gitaa chini. Nipe mkono. Fumba macho."

"Michezo gani hii?"

"Fumba tu. Nikikugusa, uniambie kidole gani."

Akafumba. Nikabonyeza ncha ya kidole cha shahada kwa ukucha. Nikaja cha kati. Nikarudi kwenye gumba, nikakaza mpaka ukucha ukaacha alama.

"Anza basi," alisema.

Nilikuwa nimeshaanza. Nikauachia mkono wake taratibu. Alipofumbua macho aliona alama zile, kisha akaniona mimi. Niliogopa, na nilikuwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani.

"Baba, shingo haina kosa. Zote mbili hazina."

"Najua."

"Unajua? Na mimi unanizungusha hapa kama tiara?"

Alitazama msasa, skrubu, ile shingo nyingine iliyolala peke yake. "Nikisema ni mkono, nitapelekwa kwa daktari, na daktari anaweza kusema basi. Wewe hujawahi kuniambia basi. Kila nikija, unatengeneza."

Kutoka jikoni nilisikia mama akipanga vyombo. Nilitaka kumwita, nikashindwa.

"Jumatatu tunakwenda hospitali," nilisema.

"Jumatatu nitakwenda, mwanangu." Akalichukua gitaa, akalipakata, akaweka vidole kwenye nyuzi huku akivitazama kimoja kimoja, kuhakikisha vimefika. "Ila leo ni Ijumaa. Niangalizie tena. Huoni kama ni nene?"

Niliubandua utepe, nikapitisha kiganja changu kwenye mti. Ilikuwa shingo nzuri kuliko zote zilizopita mikononi mwangu.

"Ni nene kidogo, Baba," nilisema, nikachukua msasa.