Watu wa Kuhama

Kitu cha kwanza Kija alichokiona ni bikari. Mwalimu Maige, mwalimu mkuu wa shule ya pale mwaloni, ufukwe wa kupokelea samaki, alikuwa amesimama kando ya karai ambalo Kija na mama yake walikaangia samaki, akijichokonoa meno kwa ncha ya bikari mpya inayong'aa, kisha akatema mnofu karibu kabisa na ndoo ya maji ya kunywa. Bikari hizo zililetwa na wafadhili kwa ajili ya wanafunzi. Kija alipokuwa shuleni, walichora duara kwa kuzungushia penseli kifuniko cha kopo.

Siku nyingine zote mwalimu akipita hapo alikunja pua, na shikamoo ya Kija ikaishia hewani. Siku hiyo alikuwa amekula samaki bila kukaribishwa, akaitikia marahaba ndefu na kumwita binti yangu. Kija akajua kuna jambo.

Yeye na mama yake, Dorotea, walikaanga mapanki nje ya uzio wa kiwanda cha samaki. Tangu biashara ya samaki ilipofunguliwa kwa wageni, viwanda vilikuwa vimeota ufukweni kama uyoga. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya. Vichwa na mifupa, ndiyo mapanki, vilimwagwa na tipa kwa wenyeji, vikiwa tayari vimeanza kuchacha. Dorotea alisema ukizoea husikii harufu. Kija alikuwa hajazoea.

Mwalimu alieleza haja yake huku akilamba vidole. Kesho yake wageni wa ufadhili wangekuja na afisa elimu kutazama shule. Madawati na vitabu vingetolewa kwa kuhesabu vichwa, na vichwa vilivyokuwepo vilikuwa pungufu. Basi aliwaomba wale vijana waliohama warudi kwa siku moja, wavae sare, wakae darasani. Sare alishaziazima.

Kija alilijua neno hilo, kuhama. Mwaloni watu huhama kweli. Samaki wakiadimika, Mjita anahamishia mtumbwi wake kambi nyingine, Mkerewe anarudi Nansio na familia yake yote, masufuria na kuku juu. Mwalimu Maige aliona mlango hapo. Mtoto mzito wa kusoma, au yule ambaye kwao michango ya shule iliwashinda, akifika darasa la sita aliambiwa akae nyumbani, na ofisini ikasemwa amehama. Nani angebisha? Darasa la saba wakabaki wepesi watupu, wakafaulu, shule ikawa ya kwanza katika kata, na mwalimu akazawadiwa saa ya ukutani. Kija alihamishwa namna hiyo, na nyumba ya kwao inaonekana kutoka dirisha la darasa.

Dorotea aliinama juu ya karai. Aligeuza mapanki, akafuta jasho, ndipo akauliza, "Na Queen?"

Queen alikuwa binti yake mdogo, yuko darasa la sita, si mwepesi sana. Usiku alisoma kwa sauti mpaka majirani wakagonga ukuta.

"Mama Kija, huyu akija kukaa kesho, Queen nitamvusha la saba kwa mkono wangu."

Dorotea akamfungia kichwa kinono katika gazeti. Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili.

Asubuhi Kija alivaa blauzi yenye jasho la mtu asiyemjua. Vifungo vya kifuani viligoma, akavifunika kwa daftari tupu aliloazimwa. Aliketishwa pembeni ya Mihayo, mshona nyavu mwenye masharubu, naye alihamishwa zamani. Kaptura ilikuwa imembana hata akawa anapumua kwa vipande.

"Dada Kija," alinong'ona, "mwanangu anatambaa sasa. Wakiniuliza niko la ngapi niseme nini?"

"Sema la sita."

"Basi atanikuta humu humu tumalize pamoja."

Watoto wa dawati la mbele walicheka. Kija hakuweza. Mikono yake ilinuka mafuta ya samaki, ukuta ulinuka chokaa mbichi iliyopakwa alfajiri juu ya uchafu, na Mwalimu Maige, aliyejimwagia manukato, alikuwa akipita kati ya madawati akiwapapasa watoto vichwani. Alipogusa cha Queen, Kija aligeuzia uso dirishani.

Wageni waliingia, wakaamkiwa kwa wimbo. Afisa elimu, Bi Wilhelmina, mama mnene wa sauti ya taratibu, aliwatazama wale wakubwa kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza mwalimu inakuwaje la sita limejaa hadi madirishani, na kila mwaka wanaofika kwenye mtihani ni wachache vile.

Mwalimu alicheka cheko la kumhurumia mtu.

"Mama, hawa ni watu wa kuhama. Leo hapa, kesho kambini. Elimu hawaitaki, wanataka samaki. Huyu Kija alihamia Ukerewe, karudi juzi. Na mdogo wake yule pale, Queen, mwezi ujao wanampeleka huko huko. Nimewasihi mpaka nimechoka."

Queen aligeuka kumtazama dada yake, mdomo wazi. Nyumbani hakuna aliyewahi kutaja safari. Kija akaelewa kwamba ile ahadi ilikuwa imekwisha kabla kile kichwa cha sangara hakijapoa kwenye gazeti.

"Ni kweli, binti?" Bi Wilhelmina aliuliza.

Mwalimu Maige alimtabasamia Kija na kuitikia kwa kichwa, kumwonyesha aseme ndiyo. Kija alikuwa mtu wa kuzungumza akitazama chini. Hata dukani alionyesha kwa kidole. Tangu siku aliyorudishwa nyumbani, maneno ya kumjibu mwalimu alikuwa akiyameza, na kila alipoyameza yalikuwa machungu zaidi. Alisimama. Daftari likaanguka, blauzi ikaachia, naye hakuinama kuliokota.

"Sikuhama, mama. Kwetu ni pale penye moshi, unapaona. Mwalimu alinitoa ili shule ionekane imefaulu. Queen hahami."