Picha ya Mshipa

Dobi wa hospitali alikuwa anakamua shuka kwa viwiko. Vidole vilikuwa vimegoma tangu alfajiri, vimenenepa kama vya mtu mwingine, kwa hiyo alibana shuka tumboni na kujipinda nayo mpaka maji yakatoka. Msimamizi alisimama mlangoni akimtazama kama anayetazama mchezo.

Msimamizi alikuwa ameshasema lake. Kipimo cha damu kimetoka safi, picha ya mifupa safi, basi ugonjwa ni uvivu. Ama leo jioni alete karatasi inayosema anaumwa nini, ahamishiwe kwenye kukunja nguo, ama kesho beseni lipate mtu mwingine.

Aliyemwamini ni daktari wa viungo, binti wa juzi tu lakini mwenye masikio. Alimbonyeza kidole kimoja kimoja, akamweleza kwamba huenda moto uko kwenye kano, zile kamba zinazovuta vidole, na kwenye ala zinazozifunika. Picha ya mifupa haioni kano, altrasaundi huziona. Moto ukionekana, dawa itaanza leo leo. Ukiachwa, vidole vitapinda na havitanyooka tena. Ila anayejua kupiga picha ya mikono ni mama mmoja wa kuazima kutoka hospitali nyingine. Amekuja leo, na harudi mpaka wakubwa wakumbuke kumwita. Na wakubwa wakumbuke kwa lipi? Wao wakiumwa ukucha hupanda ndege.

Dirishani karani alikuwa na kijiti mdomoni na simu sikioni. Karatasi ya daktari hakuisoma, aliuliza kwa kidevu. Dobi, ambaye neno kano halikuwahi kukaa ulimini mwake, akasema kama wasemavyo watu wote.

"Picha ya mishipa."

"Mshipa?" Karani akatabasamu, akagonga muhuri. "Pole, mzee wangu. Upande wa upasuaji, benchi la mwisho."

Dobi akashukuru. Ndiyo adabu yetu maskini, tunamshukuru hata anayetupoteza.

Benchi lilikuwa la wanaume watupu, yaani hapakuwa na mwanamke hata mmoja, wamekaa miguu imeachana, kila mtu anasoma sakafu. Mwenye maneno alikuwa mmoja tu, fundi baiskeli, kucha zimejaa grisi.

"Wako wa kulia au wa kushoto?"

Dobi aliitazama mikono yake. "Yote. Ila wa kulia umezidi."

"Yote? Mwenzangu umejaliwa. Mimi wa kushoto peke yake, na umeshanikataza kupanda baiskeli."

"Usiniambie. Mimi hata kufua ni kazi."

"Unafua umechuchumaa?"

"Nasimama."

"Hapo sasa." Fundi alitikisa kichwa kwa huruma. "Na mama watoto anasemaje?"

"Alishatangulia mbele ya haki."

"Basi angalau yeye kapumzika."

Wakacheka kidogo, na foleni ikaendelea kusogea kwa makalio, huku jua likipanda na yule mama wa kuazima akiwaita watu wake korido ya pili, asisikike.

Alipoingia, daktari wa upasuaji hakuinua uso. Alimwambia ashushe suruali. Dobi alidhani hakusikia vizuri. Akaambiwa tena, na kwa kuwa amefundishwa kuwatii wenye koti jeupe, akaanza kuhangaika na kifungo ambacho siku hizi hufungiwa na binti yake. Vidole vikateleza. Daktari akalalamika kwamba anapotezewa muda.

"Daktari, mbona ninaumwa vidole?"

Ndipo karatasi ikasomwa, mara ya kwanza tangu iandikwe. Daktari akacheka, muuguzi akacheka, na kicheko kikatoka nje mpaka kwenye benchi. Wakamuuliza nani kamwambia aseme mshipa, wakati hapa mshipa ni ngiri. Kosa likawa lake.

Dobi alipofika korido ya pili alimkuta mama wa picha anavaa koti, gari la kumrudisha linanguruma uani. Mama alimsikiliza, akalivua. Akampaka jeli ya baridi na kupitisha kichwa kidogo cha mashine juu ya kiganja, taratibu, kama anayepiga pasi hariri. Kisha akamgeuzia kioo.

"Huu uzi mweupe ndio kano. Hili duara jeusi linaloizunguka ni maji, na hayatakiwi kuwepo. Na hivi vyekundu vinavyometameta ni damu, imekimbilia kwenye moto. Daktari wako akiiona hii atasema baridi yabisi, na hatakosea. Huu si uvivu, baba."

Macho yalimlowa dobi. Kuaminiwa nako kunauma ukizoea kukukosa.

Mama akabonyeza kitufe cha kuchapa. Mashine ikakataa: mgonjwa huyu ni wa upasuaji. Namba ya kumhamisha hutoka dirishani, na karani alikuwa ameenda kula. Mkuu wa kitengo alipopigiwa simu akasema utaratibu ni utaratibu. Daktari wa viungo, naye kwa simu, akasema anaamini kabisa. Lakini famasi haitoi dawa ile kwa kuamini, hutoa kwa picha. Uani dereva akapiga honi.

"Nimeona, baba," mama alisema akifunga mkoba, bila kumtazama. "Lakini siruhusiwi kuandika kwamba nimeona."

Karani aliporudi, alimsogezea dobi daftari na kidau cha wino. Aweke dole gumba, jina lake lisubiri ziara nyingine, lini haijulikani. Asipoweka, linafutwa. Dobi akaomba asomewe. Ilikuwa imeandikwa kwamba mgonjwa alijipeleka mwenyewe chumba kisicho chake, na hospitali haina lawama.

Karani akamshika mkono ili amsaidie kuuchovya. Dobi akauvuta, ingawa kuuvuta kulimchoma mpaka begani.

"Hili dole nimewaletea tangu asubuhi mlitazame," alisema. "Hamkulitazama. Basi msilitumie."

Karani alimkodolea macho kama mtu aliyejibiwa na kiti. Halafu akachukua kalamu, akaandika mwenyewe, akitamka neno kwa neno kama anayemsomea mtoto:

"Mgonjwa. Amekataa. Huduma."