Ruhusa ya Watu Wote

"Kitendawili!" fundi wa kompyuta alimwambia wakili asubuhi ile, mikono imejaa nyaya.

"Tega."

"Nyumba yangu ina vyumba tele, haina ukuta wala paa, na wageni huingia wakiwa wamekaa vitini mwao."

Wakili akakuna kichwa. "Umenishinda. Nakupa mji."

"Haya, mji nimeula. Ni hiki kidude chako kipya." Akagonga kisanduku cheusi juu ya kabati. "Mafaili yote ya ofisi yatakaa humu, ila kila mtu ataona folda aliyopewa ruhusa tu. Mhasibu aone ankara. Wewe na karani wako, mashauri ya wateja."

Fundi aliyasema kwa kicheko, lakini jambo lenyewe halikuwa mzaha kwake. Mdogo wake, aliyemkimbia mume kwa vipigo, alikuwa mteja hapo, na maelezo yake yalitaja chumba alichojificha na mwanawe. Na mhasibu wa ofisi alikuwa ndugu wa mume huyo, tumbo moja.

"Dada, unanipeleka kwao kwa miguu yangu mwenyewe!" mdogo mtu alikuwa amelia alipoambiwa habari za kisanduku hicho.

"Usiwe na wasiwasi. Folda ile nitaifunga mimi, kwa mkono wangu."

Basi akaanza kuhamisha mafaili. Kompyuta ikamkatalia hapa, ikamkatalia pale, mpaka akachoka. Akaweka ruhusa ya watu wote, ya muda tu, mafaili yapite upesi. Akaenda zake kunywa chai.

Aliporudi akafungua ukurasa unaoonyesha nani yumo ndani. Kompyuta ya uhasibu ilikuwa imefungua faili moja. Faili la mdogo wake.

Akafuta ruhusa. Akatazama tena: faili bado liko wazi. Alijua kwa nini. Ruhusa ukiiondoa, anayekuja atazuiwa, lakini aliyekwisha kuingia hafukuzwi. Akabofya kumkata, kisha akatoka mbio, viatu vikilia ko-ko-ko koridoni.

Mhasibu alikuwa ameinamia kioo.

"Ah, shemeji! Kitu kimenipotelea ghafla hapa. Ni kazi yako hiyo?"

"Ulikuwa unasoma nini?"

"Natafuta ankara zangu tu." Akachezea kalamu. "Kumbe mama wa mtoto wetu hayuko mbali hivyo."

Fundi akamsogelea. "Shemeji, nakuomba. Kwa ajili ya yule mtoto."

"Unaniomba nini? Mimi sijaona kitu." Akatabasamu, meno yote nje. "Hebu nirudishie mlango, nina simu ya kupiga."

Hakuurudisha. Alikuwa tayari yuko ngazini, simu sikioni.

"Beba mtoto utoke. Sasa hivi!"

"Dada, nguo zimo kwenye beseni—"

"Acha nguo! Acha kila kitu! Shemeji yako ameona unapokaa."

"Si ulisema utaifunga?"

"Nilichelewa, mdogo wangu. Niliacha wazi. Utanitukana baadaye, toka kwanza. Na simu usiikate."

Akabaki ameshikilia ukuta, akisikiliza. Kitasa. Mtoto akiuliza kiatu chake kimoja kiko wapi. Pumzi za mtu anayekimbia. Halafu honi, na kelele za barabara.

"Tumetoka, dada. Tuelekee wapi?"

Fundi akaanza kushuka ngazi. Kila nyumba aliyoifikiria, shemeji na nduguye waliijua.

"Tembea tu," akasema. "Tembea, nakuja."