Mwani Asubuhi ya Mtihani

...na kipande kimoja bado kipo, kule nyuma kabisa, kati ya gego la mwisho na mwenzake, ulimi umekifikia mara tatu na mara tatu kimeukwepa, mwani bwana, kitu chembamba kama uzi na kibishi kama mlevi, na Mama Saebom hawezi kutia kidole mdomoni kwa sababu mikono yote miwili iko kwenye usukani kama alivyofundishwa, ingawa gari limezimwa, ingawa halijasogea hata unywele, limeegeshwa tu mbele ya kituo cha polisi mjini Žilina, huku ugenini, linamsubiri afande mtahini amalize mkate wake aje aketi kiti cha nyuma, na afande hana haraka hata kidogo, amesimama kwenye ngazi na mkate wenye soseji na kitunguu, anatafuna kama mtu aliye likizoni, na huku kiti cha pembeni mwalimu Vendelín anasema, "Vioo, Bibi Seol, kwanza vioo, watu wanaanguka kwa ajili ya vioo..." lakini vioo gani tena, nani wa kusikiliza vioo wakati tumboni mna bakuli zima la supu ya mwani, tena si bakuli, ni beseni, asubuhi ya mtihani, asubuhi ambayo kwao Korea hata kichaa hagusi mwani, kwa sababu mwani unateleza, na aliyekula kinachoteleza atateleza mbele ya mtahini kabla jua halijapanda, hili halina mjadala, hili mtu analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu, siku ya mtihani unakula vya kunata ili nawe unate kwenye kufaulu, peremende za mchele, keki za mchele, chochote cha kukwama kooni, na yeye, mwanamke mzima wa miaka arobaini na minne, amekula mwani, bakuli la kwanza, akaongezwa la pili.

Na angefanyaje, hebu, angefanyaje, alikuwa amejipanga vizuri sana, siku alipopewa tarehe ya mtihani alihesabu akaona siku yake ya kuzaliwa, ile iliyo kwenye pasipoti, ni mwezi ujao, akasema salama, hakuna supu itakayonifikia, akasahau kwamba kwao mtu ana siku mbili za kuzaliwa, ya pasipoti na ya mwezi mwandamo, na kwa mama yake mzazi kule Bucheon ya pasipoti ni ya serikali, ya mwezi mwandamo ndiyo ya mtu, na mtoto huyu, Saebom, miaka kumi na miwili, amempigia bibi yake simu kwa siri, bibi akahesabu mwezi kwa vidole akasema ni Jumatano, mpikie mama yako mwani, na bibi wala hana kosa, bibi hakuambiwa kuna mtihani, angeambiwaje, mwanawe ameshaanguka mara mbili na mara zote mbili amemwambia kwenye simu kwamba hali ya hewa ya huku ni nzuri... basi saa kumi na moja alfajiri anasikia sufuria zinagombana, anaingia jikoni anamkuta mtoto amekabwa na mwani, maana ameloweka pakiti nzima, pakiti ambayo bibi aliituma itoshe mwaka, na mwani mkavu ni mnafiki, kwenye kiganja unaonekana kama majani mawili ya chai, utie maji ugeuke godoro, umejaa sinki, umejaa beseni la kufulia, umeinua kifuniko cha sufuria unachungulia nje kama una swali, na Saebom katikati, kidole gumba kimeungua, amekifunga plasta mwenyewe, anasema, "Kaa, Mama. Leo hugusi kitu. Bibi kasema ule mpaka chini, kwa sababu supu hii ni ya aliyezaa, wewe unaila kwa niaba yake tu," sasa umwambie nini mtoto wa namna hiyo, umwambie mwanangu umeniroga, alikaa, akala, akatabasamu kila kijiko, hakuna mtu aliyewahi kuangamia kwa tabasamu kubwa kiasi kile.

"...halafu mkanda, mkanda umefunga?" mwalimu anauliza, amefunga, angefunga tangu nyumbani angekuwa na uwezo, ulimi unarudi kule nyuma, kipo, afande ameuma mkate, bado nusu, na jambo lenyewe kama lingekuwa lake peke yake lisingemsumbua, yeye anapenda basi, basi la huku linakuja kwa dakika iliyoandikwa na hakuna anayekusukuma, lakini Saebom ni kipa, kipa wa hoki ya barafuni, usimcheke, mtoto mwembamba kama mwavuli, ukimvalisha zile pedi anakuwa kabati, na kabati hilo halipitishi kitu, na mazoezi ni saa kumi na mbili asubuhi kwenye uwanja wa mji wa pili, basi la kwanza linafika watoto wameshaoga, na Baba Saebom anachukuliwa na gari la kiwanda saa kumi na moja na kurudishwa giza limeingia, gari lao wenyewe limesimama chini ya jengo mwaka wa tatu huu linakusanya kinyesi cha njiwa, na yule baba wa mwenzake aliyekuwa akiwabeba amehamia Bratislava, na kocha amesema bila kupepesa macho kwamba mwanzo wa Oktoba asiyekuwa na wa kumleta, golini anaingia mwingine, na leo ni mara ya tatu, ukianguka mara ya tatu unarudi kuanza kozi ukurasa wa kwanza, na Oktoba haijui mambo ya kurasa... mara ya kwanza alianguka kwa adabu, hakuna neno lingine, wamesimama taa nyekundu kwenye kilima, afande akamwomba kutoka nyuma ile karatasi ya daktari, mtu mzima, mvi mpaka kwenye masharubu, na mtu mzima humpi kitu kwa mkono mmoja, wala humpi ukiwa umempa kisogo, kwa hiyo Mama Saebom aligeuka mwili mzima, akaitoa kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na mguu nao ukaona usibaki nyuma kwa heshima ukaachia breki, gari likaanza kurudi kinyumenyume kwa upole kuelekea gari la mikate, mwalimu Vendelín ndiye aliyekanyaga breki ya upande wake akimtaja mama wa Mungu, na afande akapokea karatasi akasema asante, kwa leo inatosha... na mara ya pili ilikuwa uyoga, kwa sababu watu wa huku ukiwatajia uyoga wanakuwa washairi, afande alikuwa akimsimulia mwalimu alivyookota uyoga msituni, vikapu viwili, wakafika kwenye kipilefti kikubwa, na Mama Saebom hakujua atoke njia ipi, na kujua ilikuwa rahisi, kuuliza tu, lakini kumkatiza mzee akiwa katikati ya hadithi, yeye, mtoto wa mzee Seol, hapana, akasema atasubiri hadithi ipumue, akazunguka, uyoga ukasafishwa, akazunguka, uyoga ukakatwakatwa, akazunguka, na raundi ya nne uyoga ulipotiwa kwenye siki ndipo afande alipotazama dirishani akaona kanisa lile lile, akasema simama pembeni, kwa leo inatosha.

Na mara zote hizo alikuwa amekula keki ya mchele... ngoja... "Ukitoka hapa, klachi taratibu, usiiachie kama moto," ndiyo mwalimu, taratibu, ngoja kwanza, mara ya kwanza alikula keki tatu za kunata, tena za kubandua kwa kijiko, na gari likateleza kilimani, mara ya pili alikula tano, akazunguka kama nzi kwenye glasi, hakuna mwani hapo, mwani ulikuwa kabatini umelala na hatia yoyote hauna... na ule mtihani mkubwa, ule wa kuingia chuo, Novemba, baridi ya kukata masikio, mama yake amevaa skafu ya zambarau amesimama kwenye geti la shule pamoja na kina mama wenzake, kila mmoja na peremende yake ya mchele, wanaikandamiza kwenye chuma kwa kiganja, wanaipuliza ilainike, wanaikandamiza tena, inate getini, mtoto anate chuoni, mama yake alibandika robo kilo peke yake, wengine walipoondoka akawasema, na jioni Mi-ran, maana siku hizo alikuwa Mi-ran tu, hakuwa mama wa mtu, alipotoka alimkuta mama amechuchumaa chini ya geti anaokota, baridi imeigandisha peremende yote imekuwa mawe imebanduka imeanguka, anaifuta kwa ile skafu ya zambarau, anatia moja mdomoni, anamtazama mtoto wake aliyekuwa tayari ameshajua amefanya nini kwenye hesabu, hamuulizi kitu, anampa na yeye moja, "Bado tamu," anasema... na mwaka huo Mi-ran alianguka kwa kishindo, peremende na mtoto, wote chini.

Mama huyo huyo ndiye aliyekuja Saebom alipozaliwa, akakaa wiki tatu, akapika mwani asubuhi, mwani mchana, mwani jioni, akasema aliyezaa lazima ale huu, unarudisha damu, na Mi-ran akala mpaka akatoa jasho la chumvi, na hakuteleza, siku ya nne alisimama mwenyewe na mtoto mkononi, hivi kumbe kitu kilichomsimamisha ndicho anachokiogopa leo, na bibi mmoja tu ndiye mwenye mwani na mwenye peremende, wala bibi hakuwahi kufaulisha mtu kwa chochote, alikuwa anasimama tu getini na baridi yake... na Saebom naye asubuhi hii alisimama mlangoni na begi la shule, na huku Žilina ukimtakia mtu heri unalifumba gumba lako ndani ya ngumi, hata yule bibi wa ghorofa ya sita alimfumbia magumba kwenye lifti leo, watu wa huku kwenye lifti wanasalimiana na kuagana utafikiri wamesafiri meli moja, na Saebom alifumba yote mawili, na lile la plasta, akakunja uso, akasema, "Mama, nitafumbata mpaka saa tano. Hata kwenye hesabu," na ataandikaje, mtoto huyu, ataandikaje hesabu na ngumi mbili, na ukaidi huo ameutoa wapi, jamani, kama si pale getini.

"...na kipilefti, Bibi Seol, ukifika kipilefti wewe unatazama kushoto, unapunguza, halafu..." na Mama Saebom anatazama chini, anaona mikono ya mwalimu Vendelín juu ya magoti yake, mikono ya futi moja moja, ngumi mbili, magumba hayaonekani, ameyafumba humo ndani mpaka vifundo vimekuwa vyeupe, mwanaume mzima aliyefundisha nusu ya mji huu kuendesha, anaogopa, anaogopa kuliko yeye, na vioo vyote hivi alivyokuwa akivitaja ilikuwa woga unaongea.

"Mwalimu," akasema, katikati ya neno la mwalimu, neno likakatika vipande viwili, na paa la gari halikuanguka, "leo afande akianza habari za uyoga, nitamkatiza."

Mwalimu Vendelín, ambaye mwaka mzima huyu mwanamke hajawahi kumkatiza hata kwa kukohoa, akageuka akamtazama kama aliyepewa mwanafunzi mwingine, akasema polepole, "Mkatize," halafu akaongeza, "na mimi mkatize," na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuna anayemwambia kitu, Mama Saebom akainua mkono mmoja akarekebisha kioo, maana kweli watu wanaanguka kwa vioo, na humo kiooni, katika uso wake mwenyewe, kulikuwa na mama yake, mama yake na skafu au bila skafu, macho yale yale ya kuokota vitu chini bila kulalamika, na pembeni ya macho hayo, kule ngazini, afande amemaliza mkate, amefuta masharubu, amepapasa mfuko wa koti, ametoa tufaha, analikagua, analiuma... sawa, ule, Afande, ule taratibu, na ulimi wake ukarudi kule nyuma kwa mazoea, kipande kipo, hakijasogea, tangu alfajiri amekisukuma, amekinyonya, amekiapiza, kipo pale pale kati ya gego na gego, kitu cha kuteleza, kitu chenye sifa dunia nzima ya Korea kwa kuteleza, kimenata kuliko peremende yote ya geti lile, na Mama Saebom akaanza kucheka peke yake, kwa pua tu, mdomo umefungwa asije akakipoteza, akarudisha mkono kwenye usukani, akakiacha palepale kikae.