Kumi na Nne ya Dada

Dada alitoka kiwandani mchana, akavuka barabara, na lori lililotokea kushoto hakuliona. Jua halijazama, pasi yake ya mvuke ilikuwa imeshakabidhiwa mtu mwingine.

Wenzake walisema alikuwa na mawazo. Mdogo wake, aliyepiga pasi meza ya jirani, hakukubali. Kwa miezi alimwona akigonga bega la kushoto kwenye miimo ya milango na kucheka: "Milango ya siku hizi inanyemelea watu." Kliniki walimpima presha ya macho. Kumi na nne, wakasema, safi.

Wote wawili walikuwa wamepigwa leza ya macho ili waache miwani, maana kiwanda hakikutaka miwani kwenye mvuke. Muuza miwani wao wa zamani alipokuja kuhani msiba ndiye aliyemweleza: leza hukwangua kioo cha mbele cha jicho, na kipimo cha presha hukibonyeza kioo hicho hicho. Kikiwa chembamba hubonyea upesi, namba ikaja ndogo kuliko presha yenyewe; na presha hiyo ikipanda huanza kuiba uoni wa pembeni, mtu asijue.

Kesho yake mdogo huyo alikwenda kliniki ile ile. Nesi alimtia matone ya ganzi, akapima.

"Kumi na nne, kaka. Safi. Anayefuata!"

"Dada yangu naye mlimwambia kumi na nne."

"Si vizuri? Macho ya ukoo hayo."

"Tulipigwa leza, sista. Naomba mnipime na unene wa kioo."

"Mashine hiyo iko chumbani kwa daktari, na daktari yuko kikaoni. Atakawia."

"Nitamsubiri."

Mzee mmoja kwenye benchi aliguna. "Kijana, umeambiwa mzima, unalazimisha ugonjwa! Wenzio tunaomba tuambiwe neno hilo."

"Hata dada aliambiwa mzima, mzee wangu. Tumemzika juzi."

Mzee akasogea kumpa nafasi.

Daktari alitokea jioni, mkoba begani. Alimkuta amesimama mlangoni.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Tumefunga, njoo wiki ijayo."

"Wiki ijayo utanikuta hapa hapa. Sibanduki."

Daktari alimtazama, akashusha mkoba, akafungua chumba. Alipima unene wa kioo, akapima presha upya kwa mashine nyingine, akachungulia ndani ya jicho kwa muda mrefu.

"Kioo ni chembamba mno. Presha yako iko juu, na mshipa wa fahamu wa jicho la kushoto umeanza kuharibika. Umewahi."

"Dada mngempima hivi, je?"

Daktari alifuta mashine kwa pamba. "Hakutuambia kwamba alipigwa leza."

"Mlimuuliza?"

Pamba iliendelea kuzunguka pale pale.

Sasa hutia tone moja la dawa kila jicho, kila jioni. Kwenye meza ya dada yuko msichana mpya, asiye na miwani. Kijana alimuuliza kama amepigwa leza, naye akaitikia kwa kichwa. Jumatatu wanakwenda kliniki pamoja.