Alizeti ya Shangazi

Kipindi cha baridi, mafuta ya alizeti ya shangazi yalifanya ukungu mweupe chupani, na wateja wakavumisha kwamba anachanganya na mawese. Alimpelekea chupa mpwa wake, mkemia.

"Usinipendelee kwa sababu ya undugu."

"Mashine haijui undugu, shangazi."

Mkemia alitia mafuta kidogo kwenye mrija mwembamba, akauingiza ndani ya mashine ya maabara yenye sumaku kubwa, inayochora grafu ya kilichomo ndani ya mafuta. Shangazi alisubiri nje, roho juu. Grafu ilipokamilika, mkemia alimfuata.

"Ni alizeti tupu. Huo ukungu ni nta ya maganda ya mbegu, hujitokeza kwenye baridi."

Shangazi alijifuta machozi. "Mwanangu, nilishaanza kujishuku mwenyewe."

Kesho yake walikwenda sokoni pamoja, wakamweleza mteja mmoja mmoja.